Watu Wengine Wote: Tasfida, Hesabu na Uwakilishi katika Katiba ya Marekani ya 1787

Utangulizi

Miongoni mwa kauli zinazorudiwarudiwa kila panapozungumzwa historia ya Watu Weusi wa Marekani, iko moja ambayo imekwisha kuwa kama methali: kwamba Katiba ya nchi hiyo, iliyotungwa mjini Philadelphia mwaka 1787, ilimtangaza Mtu Mweusi kuwa ni sehemu tatu za tano za binadamu. Kauli hii husikika darasani na majukwaani, na aghalabu wanaoitoa huwa na nia njema, kwani hutaka kuonyesha udhalimu wa waliotunga sheria hiyo. Hata hivyo, nia njema ya msomaji haimtoshi kumfanya asome vyema. Ibara inayokusudiwa haisemi hivyo. Isitoshe, udhalimu wake halisi ni mkubwa kuliko hilo tusi linalodhaniwa kuwamo.

Makala hii inakusudia kuisoma Katiba hiyo kama mhakiki anavyosoma matini nyingine yoyote: kwa kuyaangalia maneno yaliyochaguliwa na yaliyoachwa, muundo wa sentensi, sauti ya anayesema, na kazi ambayo maneno hayo yalikuja kufanya baada ya kutoka mikononi mwa watunzi. Hoja itakayotetewa ni kwamba matini hii ilimtenda mtumwa mambo mawili yanayotegemeana. Ilimnyima jina, na papo hapo ikamtia katika hesabu. Jina lilifichwa kwa sababu baadhi ya waliotia sahihi waliona haya. Hesabu ilihifadhiwa kwa sababu waliommiliki walitaka nguvu za kisiasa. Mhakiki anayelitazama jambo moja na kuliacha la pili hawezi kueleza kwa nini sheria hii iliwafaa mabwana kwa muda mrefu kiasi hicho.

Jina lisilotajwa

Katika Katiba ya 1787 neno "mtumwa" halimo, wala neno "utumwa". Lakini habari za watumwa zimo mahali patatu. Katika Ibara ya Kwanza, kifungu cha pili, wawakilishi pamoja na kodi za moja kwa moja hugawiwa majimbo kwa kufuata idadi ya watu huru, wakiwemo wale waliofungwa na mkataba wa utumishi wa miaka maalumu, na bila ya kuwahesabu wenyeji asilia wasiotozwa kodi. Kisha huongezwa sehemu tatu za tano za "watu wengine wote". Katika kifungu cha tisa cha Ibara hiyo hiyo, Bunge linakatazwa kuzuia, kabla ya mwaka 1808, uingizaji wa "watu" ambao majimbo yataona vyema kuwapokea, ingawa linaruhusiwa kutoza kodi isiyozidi dola 10 kwa kila mmoja. Katika Ibara ya Nne, "mtu" anayepaswa kutoa utumishi au kazi katika jimbo moja, akikimbilia jimbo jingine, hapati uhuru kwa kukimbia huko, bali hukabidhiwa kwa yule anayestahiki kupewa utumishi huo.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufikiri sana ili awatambue watu hawa. Wa kwanza ni mtumwa, wa pili ni mateka anayeuzwa, wa tatu ni mtoro. Kiingereza nacho hakikukosa majina ya kuwaita. Majina hayo yalikuwa yakitumika kila siku katika sheria za majimbo, katika matangazo ya magazeti na katika wasia wa mabwana. Kutotajwa kwao katika Katiba hakukutokana na umaskini wa lugha. Ni tasfida iliyokusudiwa, na ushahidi wa kukusudiwa kwake umehifadhiwa katika kumbukumbu za mkutano wenyewe alizoziandika James Madison wa Virginia.

Kwa mujibu wa kumbukumbu hizo, tarehe 9 Julai 1787 William Paterson wa New Jersey aliwakumbusha wenzake kwamba Bunge la zamani, lilipotunga pendekezo kama hilo, liliona haya kutumia neno "watumwa" likaweka maelezo mahali pake. Tarehe 25 Agosti, wakati wa kujadili biashara ya watumwa, Madison mwenyewe alisema kwamba si sawa kuingiza katika Katiba wazo la kuwa binadamu anaweza kuwa mali. Luther Martin wa Maryland, aliyetoka mkutanoni bila ya kutia sahihi, aliliarifu bunge la jimbo lake kwamba wenzake walijitahidi kuyaepuka maneno ambayo yangechukiza masikio ya Wamarekani, na hali walikuwa tayari kuyakubali mambo yenyewe yanayoelezwa na maneno hayo. Katika ukosoaji wote ulioandikwa baadaye kuhusu lugha ya Katiba hiyo, ni vigumu kupata tathmini iliyo fupi na kali kuliko hiyo ya mtu aliyekuwapo.

Yako masahihisho mawili ya siku za mwisho ambayo mwanafunzi wa lugha hana budi kuyatazama kwa makini. Tarehe 13 Septemba, kwa shauri la Edmund Randolph, katika kifungu kinachohusu watu wa mikataba, neno lenye maana ya utumwa liliondolewa na mahali pake pakawekwa neno lenye maana ya utumishi. Sababu iliyotolewa ni kwamba la kwanza huonyesha hali ya mtumwa, na la pili huonyesha wajibu wa mtu huru. Siku mbili baadaye, katika kifungu cha watoro, neno "kihalali" lilifutwa likabadilishwa kwa maneno yenye maana ya "chini ya sheria za jimbo hilo", kwa kuwa baadhi ya wajumbe walichelea kwamba neno la awali lingefahamika kana kwamba utumwa ni halali hata kwa mizani ya maadili.

Masahihisho hayo yanafasirika kwa wepesi wa ajabu katika Kiswahili, kwani maneno yote mawili ya sahihisho la kwanza yanatoka katika shina moja. Kutokana na kitenzi "tuma" tunapata "tumwa", yaani kauli ya kutendwa, na kutoka hapo "mtumwa" na "utumwa". Kutokana na "tumika" na "tumikia" tunapata "mtumishi" na "utumishi". Tofauti baina ya mtumwa na mtumishi katika Kiswahili imo katika mnyambuliko. Mmoja anatendwa, mwingine, angalau kisarufi, anatenda. Ibara ya Nne inapomweleza mtoro kwa neno la utumishi, inamvika kauli ya mtu huru ili sheria imrudishe kwenye hali ya mtumwa. Hapo lugha imetumiwa kinyume cha hali yenyewe.

Mdeni na mwenye deni

Tasfida hii haikumficha mtumwa peke yake. Msomaji akiirudia Ibara ya Nne ataona kwamba hata bwana hatajwi. Kuna "yule" tu, ambaye utumishi fulani unastahiki kutolewa kwake. Uhusiano wa mwenye mjeledi na anayepigwa umegeuzwa kuwa uhusiano wa mwenye deni na mdeni. Mtoro anaonekana kama mtu aliyekimbia na deni lisilolipwa, na anayemwandama anaonekana kama mtu aliyedhulumiwa haki yake. Haulizwi mtu deni hilo lilikopwa lini, wala kwa mapatano gani. Jambo hili ndilo linaloufanya ufundi wa sentensi hiyo uwe wa hatari, kwa sababu haina neno hata moja la ukatili, na kwa hiyo haimpi msomaji mahali pa kushtuka.

Kazi ya sentensi hiyo inaonekana vyema zaidi ikiwekwa kando ya maisha ya mtu mmoja. George Washington, aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano wa 1787, ndiye aliyetia sahihi, akiwa Rais, sheria ya mwaka 1793 ya kuitekeleza ibara hiyo. Mwezi wa Mei 1796 kijakazi wa nyumbani mwake, Ona Judge, alitoroka kutoka nyumba ya Rais, katika mji huo huo wa Philadelphia, akakimbilia New Hampshire. Washington alifanya juhudi za kumrudisha asifaulu. Ona Judge aliishi huko mpaka alipofariki mwaka 1848, na kwa macho ya sheria hakuwa huru hata siku moja ya miaka hiyo zaidi ya 50. Katika miaka ya 1840 alihojiwa na waandishi wa magazeti ya wapinga utumwa, akasimulia habari zake kwa jina lake. Katiba ilimwita mtu anayepaswa kutoa utumishi. Yeye alijieleza kuwa mtu aliyeondoka. Mhakiki anapozisoma kauli hizo mbili pamoja, anatambua ni ipi iliyomtaja mtendaji na ni ipi iliyomficha.

Wala isidhaniwe kwamba kimya hicho kilikuwa cha watu wa Kusini peke yao. Wajumbe wa Kaskazini ndio hasa walioona haya, na tasfida iliwawezesha kutia sahihi. Majimbo yao yaliendelea kufaidi kazi ya watumwa kwa njia za biashara, na Kiswahili chenyewe kinahifadhi athari moja ya biashara hiyo. Nguo iliyoitwa "merikani", ambayo wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliileta Unguja kwa wingi katika karne ya 19, ilifumwa katika viwanda vya Kaskazini kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini. Neno hilo linalitaja taifa lililoiuza nguo. Aliyeilima pamba hamo ndani yake.

Hesabu na maana yake

Baada ya kuona jinsi jina lilivyofichwa, ifaa sasa kuitazama ile sehemu ya tatu kwa tano. Kosa la kauli iliyotajwa mwanzoni ni kudhani kwamba sehemu hiyo ilikuwa kipimo cha utu. Lau ingekuwa hivyo, tungetarajia kwamba mabwana walitaka kipimo kiwe kidogo, na wapinga utumwa walitaka kiwe kikubwa. Mambo yalikuwa kinyume kabisa. Tarehe 11 Julai 1787 Pierce Butler na Charles Cotesworth Pinckney, wote wawili wa South Carolina, walishikilia kwamba Weusi wahesabiwe sawasawa na Weupe katika kugawa viti vya uwakilishi. Huyo Butler ndiye aliyekuja kuwa mstari wa mbele, mwishoni mwa Agosti, kudai kwamba watumwa watoro wakabidhiwe kama wahalifu. Kinywa kimoja kilitaka mtumwa ahesabiwe mtu kamili mwezi wa Julai, na arudishwe minyororoni mwezi wa Agosti. Hapakuwa na mgongano katika madai hayo, kwa kuwa yote mawili yalimnufaisha bwana.

Upande wa pili, Elbridge Gerry wa Massachusetts aliuliza kwa nini Weusi, ambao Kusini walihesabiwa mali, waingie katika kanuni ya uwakilishi kuliko ng'ombe na farasi wa Kaskazini. Swali hilo lina harufu ya dharau, na mhakiki hana sababu ya kuifunika. Wengi miongoni mwa waliopinga kuhesabiwa kwa watumwa walipigania viti vya majimbo yao, si haki ya mtumwa. Aliyeuliza kwa uketo zaidi ni Gouverneur Morris, aliyewakilisha Pennsylvania, tarehe 8 Agosti. Alitaka kujua watumwa wanahesabiwa kwa msingi gani. Ikiwa ni watu, basi wafanywe raia, wapige kura. Ikiwa ni mali, basi kwa nini mali nyingine isihesabiwe? Akaonyesha kwamba mtu wa Georgia au South Carolina anayekwenda pwani ya Afrika kuwateka wanadamu wenzake atapata, kwa sababu ya uovu huo, kura nyingi zaidi katika serikali iliyoundwa kulinda haki za binadamu kuliko raia wa Pennsylvania anayeuchukia uovu huo. Swali lake halikujibiwa. Lilipigiwa kura na kushindwa.

Kwamba sehemu hiyo ilikuwa bei ya maafikiano na si falsafa ya utu, inathibitishwa pia na asili yake. Ilitokea kwanza mwaka 1783, Bunge la zamani lilipotafuta kanuni ya kuyagawia majimbo gharama za serikali. Wakati huo, kuhesabiwa kulimaanisha kulipa. Kwa hiyo wajumbe wa Kusini walitaka watumwa wapunguzwe katika hesabu, na wale wa Kaskazini walitaka waongezwe. Miaka minne baadaye, kuhesabiwa kulipokuwa na maana ya kupata viti, kila upande uligeuka. Mtumwa hakubadilika; kilichobadilika ni faida ya kumhesabu.

Matokeo yake yanaweza kupimwa. Katika sensa ya kwanza ya mwaka 1790, Marekani ilikuwa na wakazi karibu 3,930,000, na miongoni mwao karibu 700,000 walikuwa watumwa. Virginia ilikuwa na watu huru karibu 455,000 na watumwa zaidi ya 292,000. Pennsylvania ilikuwa na watu huru karibu 431,000 na watumwa wasiofika 4,000. Viti vilipogawiwa mwaka 1792, kwa kiwango cha mwakilishi mmoja kwa kila watu 33,000, Virginia ilipata viti 19 na Pennsylvania 13. Lau wangehesabiwa watu huru peke yao kwa kiwango hicho hicho, Virginia nayo ingepata 13. Viti sita, basi, vilitoka migongoni mwa watu ambao hawakuruhusiwa hata kuwa mashahidi dhidi ya Mzungu mahakamani. Na kwa kuwa idadi ya wajumbe wanaomchagua Rais hufuata idadi ya wawakilishi na maseneta wa jimbo, faida hiyo ilifika hadi Ikulu. Katika miaka 36 ya kwanza ya urais, kuanzia 1789 hadi 1825, miaka 32 ilishikwa na watu wa Virginia. Haiwezi kusemwa kwamba hesabu hii peke yake ndiyo iliyoleta hali hiyo. Lakini katika uchaguzi wa mwaka 1800, Jefferson alipopata kura 73 na Adams 65, wapinzani wake walilalamika wakati ule ule kwamba ushindi wake umebebwa na watumwa, na Garry Wills aliirejea hoja hiyo kwa marefu katika kitabu chake cha mwaka 2003.

Hapa ndipo tafsiri ya mazoea inapodhuru. Anayeamini kwamba dhuluma ilikuwa katika zile sehemu mbili zilizokatwa, atafikiri kwamba haki ingalipatikana kwa kuzirudisha. Lakini kumhesabu mtumwa kikamilifu kungaliipa Virginia viti vingine vitatu, na kungalimwongezea bwana nguvu za kuudumisha utumwa. Dhuluma ilikuwa katika zile sehemu tatu zilizohesabiwa. Mtu alihesabiwa ili asemewe na adui yake.

Yafaa pia ifahamike kwamba kifungu hicho hakitaji rangi. Mtu Mweusi aliye huru alihesabiwa mzima, na katika baadhi ya majimbo alipiga kura. Jaji Benjamin Curtis, alipopinga hukumu ya kesi ya Dred Scott mwaka 1857, aliyataja majimbo matano ya namna hiyo wakati wa kuidhinishwa kwa Mkataba wa Shirikisho uliotangulia Katiba, likiwemo North Carolina. Ubaguzi wa rangi ulisemwa kwa jina lake mahali pengine. Sheria ya mwaka 1790 ya kuwapokea wageni kuwa raia iliwahusu watu huru Weupe tu, na katika miaka iliyofuata majimbo kadhaa yaliwanyang'anya Weusi huru kura waliyokuwa nayo: New Jersey mwaka 1807, North Carolina 1835, Pennsylvania 1838. Matini kuu ya nchi ilibaki safi kwa maneno, na sheria za chini yake zikaifanya kazi ambayo matini hiyo haikutaka kuitaja.

Sauti ya kukopa

Katiba ilipopelekwa kwa majimbo ili iidhinishwe, kifungu hiki kilihitaji mtetezi. Utetezi ulioandikwa ni ule wa Madison katika makala ya 54 ya mfululizo wa Federalist, iliyotolewa mwezi wa Februari 1788. Kwa mhakiki wa fasihi, makala hiyo ina jambo la kushangaza. Madison, mtu wa Virginia na mmiliki wa watumwa, anaandika kwa jina la kubuni la Publius, anayejifanya raia wa New York. Kisha Publius huyo, anapofikia hoja yenyewe, anamleta ndugu mmoja wa Kusini wa kufikirika, ndiye aseme. Mtu wa Kusini amevaa sura ya mtu wa Kaskazini, naye anamnukuu mtu wa Kusini asiyekuwapo. Hoja inayotolewa na sauti hiyo ya tatu ni kwamba sheria inamtambua mtumwa kwa sehemu kama mtu na kwa sehemu kama mali: mali, kwa kuwa huuzwa na hulazimishwa kazi, mtu, kwa kuwa sheria inamlinda asiuawe na inamwadhibu akikosa. Publius anamaliza kwa kukiri kwamba hoja hiyo huenda imevutwa kidogo kupita kiasi, ila anaikubali.

Mwandishi mwenye kuiamini hoja yake hana haja ya kuikopea vinywa viwili. Umbali huo baina ya Madison na maneno yake ni tasfida ya namna nyingine, ambayo haikufichwa katika neno, bali katika nafsi ya msemaji. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Taifa hilo lilijaribu kuuficha uchi wake na kuzaa kwa wakati mmoja, na sauti ya Publius inaonyesha ugumu wa jaribio hilo.

Wasomaji wawili

Kumbukumbu za Madison zilichapishwa mwaka 1840, miaka minne baada ya kufa kwake. Kuanzia hapo lilizuka swali ambalo wahakiki wa fasihi wamelijadili sana katika karne ya 20: je, maana ya matini ni ile iliyokusudiwa na mtunzi, au ni ile inayobebwa na maneno yenyewe? Kwa wapinga utumwa wa Marekani, hilo halikuwa swali la nadharia. William Lloyd Garrison na wafuasi wake walizisoma kumbukumbu hizo wakaona kwamba watunzi walikusudia kuulinda utumwa, na kwa hiyo Katiba yote ni mapatano na uovu. Tarehe 4 Julai 1854, huko Framingham, Massachusetts, Garrison aliichoma nakala yake mbele ya hadhara.

Frederick Douglass alianza akiwa mfuasi wa msimamo huo. Yeye alizaliwa mtumwa Maryland, akatoroka mwaka 1838, na mpaka uhuru wake uliponunuliwa na marafiki wa Uingereza mwaka 1846, alikuwa ndiye hasa yule "mtu" wa Ibara ya Nne. Mwaka 1851 alitangaza kwamba amebadili rai. Katika hotuba yake ya Glasgow ya mwezi wa Machi 1860 alishikilia kwamba sheria husomwa kwa maneno yake, si kwa nia zilizofichwa vyumbani. Na kama watunzi waliona haya kuuandika utumwa, basi wasomaji hawana wajibu wa kuuandika kwa niaba yao. Kuhusu ile tatu kwa tano, alisema kwamba hata ikisomwa kwa ubaya wake wote, inayanyima majimbo ya watumwa sehemu mbili za uwakilishi, na hivyo inayavuta kuelekea uhuru, kwani mtu aliyeachwa huru huhesabiwa mzima.

Hoja ya Douglass ni ya msomaji hodari aliyeamua kuigeuza silaha ya adui. Alikamata udhaifu halisi wa tasfida: anayeficha jina hawezi baadaye kudai kwamba amelitaja. Lakini kuhusu hesabu, historia haikumuunga mkono. Mabwana hawakuvutwa na zile sehemu mbili walizokosa. Waliridhika na tatu walizopata, kwa kuwa walizipata bila ya kutoa chochote. Garrison aliiona nia akaidharau herufi. Douglass aliishika herufi akaipuuza hesabu. Mgawanyiko huo haujaisha miongoni mwa wanazuoni. David Waldstreicher, katika kitabu cha mwaka 2009, alisisitiza jinsi Katiba ilivyojengwa ikiukingia kifua utumwa. Sean Wilentz, mwaka 2018, alisisitiza kwamba kukataa kumwita binadamu mali kuliacha mlango ambao wapinga utumwa waliutumia baadaye. Ukweli ni kwamba kimya kilikuwa na milango miwili tangu mwanzo. Hesabu haikuwa nayo. Maneno yalijadiliwa kwa miaka 70 na zaidi, na wakati huo wote hesabu ilikuwa ikitoa viti kila baada ya miaka kumi.

Jina lilipotajwa

Neno "utumwa" liliingia katika Katiba ya Marekani mwezi wa Desemba 1865, katika Rekebisho la 13, yaani siku ya kupigwa marufuku kwake. Pamoja nalo lilirudi lile neno ambalo Randolph aliliondoa tarehe 13 Septemba 1787, safari hii likikatazwa isipokuwa kama adhabu ya kosa la jinai. Jina lilihitaji miaka 78 na vita ili litamkwe.

Kutamkwa kwa jina hakukumaliza habari ya hesabu. Waliokuwa watumwa sasa walihesabiwa wazima, na kwa hiyo majimbo yaliyoshindwa vitani yangepata viti vingi kuliko kabla ya vita. Rekebisho la 14 la mwaka 1868 lilijaribu kuizuia hatari hiyo kwa kuagiza kwamba jimbo likiwanyima kura raia wake wanaume, lipunguziwe uwakilishi kwa kadiri hiyo. Kifungu hicho cha adhabu hakikupata kutekelezwa. Mwaka 1870 Hiram Revels wa Mississippi aliingia Seneti na Joseph Rainey wa South Carolina akaingia Baraza la Wawakilishi, wa kwanza kati ya Weusi. Kisha mlango ulifungwa. Katiba ya Mississippi ya mwaka 1890 iliwaondoa Weusi katika daftari la kura kwa kodi ya kura na mtihani wa kusoma na kufahamu, bila ya kutaja rangi ya mtu yeyote. Msomaji aliyeifuata makala hii atautambua mtindo huo. Akufukuzaye hakwambii toka. George Henry White wa North Carolina alipoondoka Bungeni mwaka 1901, Kusini haikuwa tena na mwakilishi Mweusi hadi uchaguzi wa mwaka 1972, ilhali Weusi wake wote waliendelea kuhesabiwa, kila mmoja mtu mzima, katika kuyapatia majimbo hayo viti. Mpaka Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965, jimbo la Kusini liliweza kuwa na tano kwa tano bila ya kutoa hata moja.

Hitimisho

Uchunguzi huu unaleta mafunzo mawili kwa mwalimu na mfasiri wa Kiswahili. La kwanza ni la tafsiri. Anayezifasiri ibara hizi hushawishika kuandika "watumwa" na "mtumwa mtoro", kwa kuwa huo ndio ukweli wa mambo. Asikubali ushawishi huo. Akiandika hivyo atakuwa amewasaidia watunzi kuwa wakweli kuliko walivyokuwa, na atamnyima msomaji ushahidi wa haya yao. Aandike "watu wengine wote", aandike "mtu anayepaswa kutoa utumishi", kisha katika maelezo yake aseme bayana ni nani wanaokusudiwa na ni nani aliyewanyima jina.

La pili ni la ufundishaji. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba Katiba ilimwita Mweusi sehemu tatu za tano za binadamu hujifunza kutafuta dhuluma katika matusi, na asipoona tusi hudhani kwamba hakuna dhuluma. Matini ya 1787 haina tusi. Ina neno la heshima, "watu", na ina sehemu ya hesabu. Kwa viwili hivyo, watu karibu 700,000 walitiwa katika misingi ya dola bila ya kuulizwa rai yao juu ya lolote. Kuhesabiwa si kuwakilishwa, na swali ambalo Gouverneur Morris aliliuliza bila ya kujibiwa ndilo la kuanza nalo mbele ya kila matini inayodai kusema kwa niaba ya watu: hawa waliohesabiwa, kura yao iko mkononi mwa nani?